Baridi ya Nyahururu katika Gari la Turubai



Ustadi wote wa nyumba zetu hapa Shella ni ustadi wa kulikimbiza joto. Kuta za mawe ya matumbawe zilijengwa nene ili jua lisipenye, madirisha yakaelekezwa kwenye upepo wa bahari, na mkeka wa ukindu ukapendwa kuliko godoro kwa kuwa unapitisha hewa chini ya mgongo. Leso ni nyepesi, kikoi ni chepesi, na kanzu hushonwa pana ili upepo upite. Hata inapoingia kusi, bahari ikachafuka na mashua zikavutwa pwani, baridi yetu ni ya kutafuta shuka ya pili wakati wa alfajiri tu. Akina mama huitambua baridi hiyo kwa chupa ya mafuta ya nazi: asubuhi yameshika ukungu, adhuhuri yamerudi kuwa maji.

Basi mtu aliyelelewa katika ustadi huo, akipanda bara mwezi wa Julai au Agosti, huchukua pamoja naye elimu iliyo kinyume kabisa na haja yake. Anatandika mkeka pale panapohitaji kitu kizito, anafungua dirisha pale panapohitaji kuzibwa, kisha baridi inapomshinda anafanya jambo la hatari kuliko yote, nalo ni kuingiza seredani ya makaa ndani na kufunga mlango. Tumeona tuandike habari za safari yetu ya Agosti kwa sababu ya jambo hilo la mwisho hasa. Watoto wa mji huu wanazidi kwenda vyuoni bara, na wengi wanaishi katika vyumba vya kukodi, peke yao.

Tulikwenda Nyahururu kumtazama binti yetu anayesoma huko. Chumba chake ni kimoja, chenye kitanda kimoja, na mama mwenye nyumba alituruhusu kumwongezea mgeni mmoja tu. Mgeni huyo akawa mama yake. Sisi wengine tulilala uani ndani ya gari. Mwanetu wa kiume ni dereva wa watalii hapa Malindi, na vani anayoiendesha ni ile ambayo paa lake huinuliwa ili wageni wasimame na kutazama wanyama. Hii ilikuwa imefanyiwa kazi zaidi: paa likiinuliwa, pande zote nne hufunguka kuta za turubai, na juu pana ubao wa kulala watu wawili. Chini, viti vya nyuma hulazwa vikawa kitanda. Kwa Tsavo, ambako hutumika, ni starehe kubwa. Tuliokuwamo ni sisi, mwanetu, mkewe, na wajukuu watatu: mvulana wa miaka tisa, msichana wa miaka saba, na mtoto mchanga wa miezi saba.

Njia hatutaieleza sana, kwa kuwa wengi wenu mnaijua mpaka Nairobi. Tuliondoka Malindi baada ya alfajiri, tukapita Mombasa, Voi na Mtito Andei, tukalala Nairobi kwa jamaa. Siku ya pili tukapanda Limuru, tukateremka Bonde la Ufa, tukapita Naivasha na Gilgil, kisha tukaanza kupanda tena. Kadiri gari lilivyopanda ndivyo watoto walivyozidi kunyamaza na kujikunyata. Karibu na Nyahururu tulisimama penye ubao unaoonyesha mstari wa Ikweta. Mvulana, akiwa amejifunga leso ya mamaye shingoni, akauliza: “Babu, mwalimu alitwambia Ikweta ndiko jua liliko kali. Mbona hapa ni baridi?”

Swali lake lilikuwa zuri. Malindi iko kusini mwa mstari huo kwa nyuzi tatu na kitu, na joto lake tunalijua. Lakini Malindi iko ufukweni, na Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Hewa kadiri inavyopanda huwa nyepesi na hupoa, kiasi cha nyuzi sita na nusu za selsiasi kwa kila mita 1,000. Piga hesabu, utaona kwamba kwa kupanda tu tulikuwa tumeacha nyuma nyuzi kumi na tano. Tena usiku mbingu ikiwa wazi, ardhi hulitoa joto lake lote juu bila ya kitu cha kulizuia. Usiku wa Agosti huko hushuka chini ya nyuzi 10. Mafuta yetu ya nazi, ambayo huganda yakipungua nyuzi 24 hivi, yalikuwa jiwe jeupe hata kabla ya Maghribi. Mkaza mwanetu aliyachokoa kwa kijiko ili ampake mtoto.

Usiku wa kwanza tuliulala kwa elimu ya Shella. Godoro la gari ni jembamba, juu yake tulitandika mikeka tuliyokuja nayo, tukajifunika blanketi mbili mbili. Kabla ya saa nane za usiku kila mtu alikuwa macho. Jambo la ajabu ni kwamba baridi haikutoka juu, ilitoka chini. Bati la gari hunyonya joto la mwili kama vile sakafu ya saruji inavyofanya, na mkeka, ule ule tunaousifu kwa kupitisha hewa, uliipitisha hewa baridi mpaka mgongoni. Blanketi likilaliwa hukandamizika, na blanketi lililokandamizika halina hewa ndani yake. Hewa iliyotulia ndiyo ihifadhiyo joto. Nguo yenyewe haina moto wowote. Kwa hiyo mwenye blanketi tatu afadhali aweke mbili chini na moja juu kuliko kujifunika zote tatu na kulala juu ya ubao.

Asubuhi tulikuta jambo la pili. Turubai yote ilikuwa imelowa kwa ndani, matone yakidondoka juu ya kitanda cha juu, na mvulana alidhani mvua imenyesha. Mvua haikunyesha. Zilikuwa pumzi zetu wenyewe. Watu watano au sita wakipumua usiku kucha hutoa maji ya kujaza chupa nzima, na mvuke huo ukigusa turubai baridi hugeuka maji. Mwanetu, kwa kuwahurumia wanawe, alikuwa amefunga kila zipu na kuziba kila tundu kwa matambara. Hivyo ndivyo unyevu ulivyozidi, na nguo yenye unyevu hupoteza joto upesi sana. Pamba ndiyo mbaya zaidi kwa jambo hili. Leso iliyolowa ni baridi kuliko kutovaa kitu.

Mama mwenye nyumba, Mungu amlipe kheri, alikuja na maziwa ya moto akatukuta tunaanika blanketi. Alicheka kwa adabu. Kisha akaleta maboksi ya kartoni kutoka dukani kwake, mengi, akasema tuyatandike chini ya godoro matabaka matatu au manne. Kartoni ina mikunjo ndani, na katika mikunjo hiyo mna hewa iliyotulia. Ni kitu cha kutupwa, nacho kilitufaa kuliko kila tulichonunua. Tulikwenda pia sokoni tukanunua shuka nzito za Kimasai, tukazitundika ndani ya turubai pande zote kama mapazia, tukiacha nafasi ya vidole viwili baina ya shuka na turubai. Ukuta ukawa wa matabaka mawili. Juu, karibu na paa, tuliacha zipu moja wazi kiasi cha shubiri, upande usiopigwa na upepo, ili pumzi zitoke. Wajukuu waliona ni wazimu kufungua dirisha katika baridi ile, lakini asubuhi ya pili turubai ilikuwa na umande kidogo tu, na nguo zilikuwa kavu.

Wenzetu wa kaskazini, Wasomali, Warendille na Wagabra, walilijua jambo hili kabla ya sisi kuwa na magari. Nyumba zao za mikeka na ngozi hubebwa juu ya ngamia, na mwanamke ndiye mjenzi wake. Tabaka huongezwa juu ya tabaka upande unaotoka upepo, na huondolewa joto likizidi. Bedui wa Arabuni hufuma hema lake kwa manyoya ya mbuzi, ambayo yakilowa huvimba na kuziba matundu. Sisi wa nyumba za mawe tumejifunza kukaa mahali pamoja, na tukihama kwa siku nne tu twaonekana kama watoto wachanga.

Ama mtoto wetu mchanga kweli, yeye ndiye aliyetutia wasiwasi. Mtoto hupoteza joto kuliko mtu mzima kwa kuwa mwili wake ni mdogo na kichwa chake ni kikubwa kwa kiasi cha mwili huo, tena hawezi kusema. Akina mama wengi hugusa mikono yake, wakaiona baridi, wakamrundikia blanketi mpaka puani. Mikono na miguu ya mtoto kuwa baridi kidogo si dalili ya kutegemea. Mguse kifua au shingo kwa nyuma. Pakiwa na vuguvugu, mtoto yu salama. Pakiwa na jasho, umemzidishia, nalo lina hatari yake. Mvishe nguo nyembamba moja juu ya nyingine, tabaka moja zaidi ya unazovaa wewe, soksi na kofia ya sufu anapokuwa nje, lakini usimfunike uso wala usimwekee blanketi zito lililo huru linaloweza kumpanda usoni usiku. Akipoa, dawa ya kwanza ni kifua cha mamaye, ngozi kwa ngozi, kisha wote wawili wafunikwe. Na mtoto aliyepoa tumbo, akalegea, akakataa kunyonya, hangojewi asubuhi. Hupelekwa hospitali saa ile ile.

Kitanda tulikipasha joto kwa maji. Mkaza mwana alijaza maji ya moto katika mipira miwili ya kuhifadhia maji, akaifunga sawasawa, akaivika soksi nene, akaitia chini ya blanketi nusu saa kabla ya watu kulala. Ule wa kitanda cha mtoto aliuondoa kabla ya kumlaza, maana ngozi yake huungua upesi. Ule wa babu ulibaki miguuni mpaka alfajiri, na tunakiri kwamba hatujapata kulala kwa raha kama ile. Kabla ya kulala tulikunywa chai ya tangawizi na kula chakula chenye mafuta, kwa kuwa mwili ni tanuri na chakula ndicho kuni zake. Kila mtu alibadili nguo za mchana, hata kama zilionekana kavu, kwa sababu zina jasho. Na kila mtoto alipelekwa chooni kwanza. Mlango wa gari ukifunguliwa mara tatu usiku, joto la saa nzima hutoka.

Maji ya udhu tuliyachemsha kwa jiko la gesi lililowekwa nje, mbali na gari. Wajukuu walipoambiwa habari ya Amr bin al-As, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, aliyeamka na janaba katika usiku wa baridi kali kwenye vita vya Dhat as-Salasil mwaka wa 8 Hijria, akachelea kuangamia akatayamamu, akasalisha watu, na Mtume rehema na amani zimshukie alipopata habari akacheka wala hakumlaumu, mvulana alifurahi sana akatafuta vumbi mara moja. Ikabidi tumfahamishe kwamba ruhusa ile ni ya mwenye kuchelea madhara na asiye na njia ya kuyapasha maji joto. Yeye alikuwa na njia, nayo ilikuwa ikichemka mbele ya macho yake.

Sasa tufike kwenye makaa.

Jioni ya pili jirani mmoja, mtu mwema, alituletea seredani iliyowaka vizuri, makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo, akasema tuiweke ndani ya gari kati ya vitanda, tuache turubai wazi kidogo, watoto walale kama wako pwani. Tulimshukuru, tukaiweka nje, tukaizunguka na kuota moto mpaka Isha, kisha tukaizima kwa maji. Hakukasirika, ila alistaajabu. Makaa yasiyo na moshi, alisema, yana ubaya gani?

Ubaya wake ni huo huo wa kutokuwa na moshi. Makaa yakiungua mahali penye hewa chache hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi, wala harufu, wala ukali wa kuwasha macho. Moshi humwamsha aliyelala kwa kumkohoza. Hewa hii humzidishia usingizi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kazi yake ni kubeba oksijeni, huishika hewa hiyo zaidi ya mara 200 kuliko zinavyoishika oksijeni yenyewe, hata damu ikawa inazunguka mwilini huku haina cha kumpa mtu. Huanza kwa kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu. Anayesikia dalili hizo akiwa macho, kama anazijua, hutoka nje akaokoka. Aliyelala hazisikii. Kila mwaka majira ya baridi, bara hupatikana familia zilizolala na jiko ndani ya chumba zisiamke. Mjamzito, mtoto mchanga na mzee ndio wa mwanzo kudhurika. Na kuta za turubai zisimdanganye mtu: turubai iliyolowa umande haipitishi hewa inavyodhaniwa, na upenyo wa shubiri unaotosha kutoa pumzi za watu hautoshi kwa makaa. Jiko la gesi ni hivyo hivyo, na injini ya gari iliyoachwa ikinguruma ili ilete joto ni hivyo hivyo.

Imepokewa katika Sahihi mbili kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoelezwa aliuita moto adui wa watu na akaamrisha uzimwe wakati wa kulala. Sisi tulizoea kuifahamu amri hiyo kwa maana ya kuungua. Waliosoma elimu ya hewa wametuonyesha kwamba moto huua hata usipounguza uzi mmoja wa shuka.

Tulipokuwa tukilieleza hili, binti yetu alikuwa ameketi kimya upande wa mamaye. Baadaye, wengine walipokwenda kulala, akasema polepole: “Baba, mimi huamka na kichwa.” Tukamuuliza tangu lini. Akasema tangu Juni, baridi ilipoanza, si kila siku, ila zile siku anaposoma mpaka usiku na jiko liko karibu na miguu yake. Alidhani ni macho, akataka miwani. Siku moja alitapika na akakosa darasa. Dirisha la chumba chake ni dogo, na alikuwa amelibandika karatasi ya nailoni ili kuzuia upepo.

Mama yake hakusema neno. Aliinuka, akaenda chumbani, akasikika akiibandua karatasi ile.

Usiku ule wa pili hatukulala sana, na baridi haikuwa sababu. Asubuhi, baada ya sala, tulikwenda naye kwenye zahanati, akapimwa, akaambiwa asiliingize jiko tena ndani kwa hali yoyote. Tukanunua blanketi mbili nzito, godoro la pili la kuongeza chini, sweta mbili za sufu katika mitumba, na mpira wa maji ya moto kama ule wa kwetu. Sufu ya mitumba, kwa faida ya akina mama, hata hapa Malindi hupatikana kwa bei ya kutupa, kwa kuwa nani wa kuinunua? Mwenye mtoto wa kupeleka bara na aitafute hapa hapa kabla ya safari. Tena mzazi anapompigia simu mwanawe katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, baada ya kumuuliza masomo na sala, amuulize waziwazi: usiku unajipasha joto kwa nini? Na kichwa kikoje ukiamka? Watoto wengi hawasemi, kwa kuchelea kuwapa wazazi mzigo wa kununua.

Mama watoto hakuweza kuondoka bila ya kukifukiza chumba, naye alikuwa amebeba udi wake na chetezo kutoka nyumbani. Chetezo nacho ni makaa. Alikifukiza adhuhuri, mlango na dirisha wazi, kisha akakitoa nje akakizima. Mama mwenye nyumba alipita akasimama, akavuta harufu, akauliza hicho ni kitu gani na kinapatikana wapi.

Siku ya tatu tulikwenda kwenye maporomoko, maana watoto walikuwa wameahidiwa. Mto Ewaso Narok huanguka hapo kutoka juu mita 74, na manyunyu yake hupanda yakaloweza watu walio kwenye ukingo. Jina la Kizungu ni la Joseph Thomson, Mskoti aliyepita mwaka 1883, na mji nao uliitwa hivyo hivyo kwa miaka mingi. Vitabu humtaja yeye. Wapagazi wake walitoka Unguja na pwani hii, watu wa kanzu na vikoi kama sisi, wakibeba shanga, nyaya na nguo. Tulisimama pale tukawafikiria jinsi walivyolala mahali kama hapo bila ya kartoni wala mpira wa maji. Msichana alisema wao walikuwa na moto nje. Alikuwa na haki.

Seredani ya binti yetu tulimwachia mama mwenye nyumba, aitumie jikoni kwake, ambako ni banda lisilo na ukuta upande mmoja. Tulirudi siku ya tano. Huko Voi watoto wakavua sweta, Mariakani wakavua soksi, na tulipofika Mombasa mafuta ya nazi yalikuwa maji tena. Gari lilisimama siku mbili mbele ya nyumba yetu, paa limeinuliwa na turubai imefunguliwa yote, likikaushwa na kusi kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe, na majirani walipita wakiuliza kama tumeanza biashara. Binti yetu alipiga simu Ijumaa iliyofuata. Alisema usiku uliopita maji ndani ya ndoo yalikuwa baridi hata meno yanauma, blanketi zinatosha, na ameamka mara saba mfululizo bila ya kuumwa na kichwa.